Mikono Yote Juu

Busunzu, Kibondo
9 Machi 2025

Shikamoo Baba,

Mimi sijambo, ni kifua tu kinabana asubuhi kwenye ukungu. Natumaini huko Kasulu mko salama, na mguu wa Mama umepungua uvimbe.

Bwenini simu haturuhusiwi. Lakini hata kwa simu hili nisingeweza kulisema.

Jumanne ulipokuja kumkagua mwanafunzi wako Twalibu, mwalimu wetu wa mazoezi wa hesabu, darasa zima lilinyoosha mikono. Ukatabasamu. Baba, jana yake alikuwa ametuambia: "Anayejua, mkono wa kulia. Asiyejua, wa kushoto. Dokta asikute mtu amekaa tu, sawa jamani?" Mimi nilinyoosha wa kushoto. Wengi wetu.

Amepata A, alituambia mwenyewe. Sasa ameondoka, na milinganyo sijui hata inaanzia wapi. Sisikii uchungu. Sisikii kitu. Ila Novemba tuna mtihani wa taifa na mwalimu wa hesabu hatuna. Naomba uje utufundishe kipindi kimoja tu.

Binti yako,
Ininahazwe

Kasulu
2 Aprili 2025

Mwanangu,

Marahaba. Mama anatembea vizuri, yuko shambani kwenye maharage.

Mikono niliiona. Wako pia niliuona. Fomu ya ukaguzi inauliza kama wanafunzi wameshiriki. Haiulizi mkono upi. Na ningemwangusha Twalibu, chuoni wangeniuliza: Dokta Habonimana, ulimfundisha nini miaka mitatu?

Kuja siwezi. Mimi nafundisha walimu, sifundishi watoto. Sijasimama mbele ya watoto tangu hujazaliwa. Nikikosea ubaoni mbele yenu, chuoni nitarudi kama nani?

Nimempa kondakta asali ya kifua.

Baba yako

Busunzu
20 Mei 2025

Shikamoo Baba,

Asali ilifika, kifua kimeachia. Samahani kwa kuchelewa. Nilianza barua tatu nikazichana.

Darasani wananitania: "Mtoto wa Dokta, twambie basi x ni ngapi!" Nacheka nao. Theodosia wa dawati langu anatufundisha jioni kwa daftari la dada yake. Anakosea, anasema "subirini kwanza", anafuta, anaanza upya. Hakuna anayemcheka.

Jana tulijaza fomu za shule. Penye kazi ya mzazi, miaka yote niliandika mwalimu. Nikakaa na kalamu mpaka mwalimu wa darasa akasema, "We Inina, hata kazi ya baba yako umeisahau?"

Nimeandika mhadhiri.

Msalimie Mama.

Binti yako,
Ininahazwe