Neno la Mwisho la Nukta

MAELEZO YA SHAHIDI KUHUSU KIFO CHA MSAHIHISHAJI MSTAAFU WA GAZETI

Jina: Liko kamili kwenye jalada. Kwa wasomaji na majirani ninaitwa Bi Onja.
Umri: Miaka 58
Kazi: Mwandishi wa safu ya chakula katika gazeti la kila siku
Makazi: Nyumba ya ghorofa nyuma ya soko la mboga, ghorofa ya pili
Uhusiano na marehemu: Dada yake, tumbo moja

Mimi niliyetajwa hapo juu natoa maelezo haya kwa hiari yangu na nikiwa na akili timamu, ingawa afande anayeandika ameniambia mara mbili kwamba hii si safu ya gazeti. Najua si safu. Kwenye safu huwa natafuta mwisho mtamu.

Kazi yangu ni kula na kuandika nilichokula. Kwa sababu ya ulimi na pua yangu nimewahi kufumbua vijimambo: mwokaji aliyekuwa akiongeza maji kwenye maziwa, hoteli iliyopasha supu ya juzi ikaiita ya leo, na keki ya harusi iliyoliwa usiku na bwana harusi mwenyewe. Ofisini wananiita Kachero wa Masufuria. Mafumbo yote hayo yaliisha watu wakicheka, ndiyo maana niliyapenda.

Marehemu ni kaka yangu mkubwa. Alisahihisha gazeti letu mpaka alipostaafu, na tulimwita Nukta kwa kuwa akishasema, mjadala umekwisha. Alikuwa hawezi kuvumilia kosa la lugha. Alisahihisha mabango ya maduka, kadi za mialiko, hata maagizo ya daktari. Siku ya kumzika mkewe alikuta kwenye utepe wa shada la maua wameandika "safari mwema". Akaomba kalamu, akaandika "safari njema", kisha ndipo akalia. Nasema haya mapema kwa sababu kila kinachofuata kimesimama hapo.

Nyumbani kwake waliishi watu watatu: yeye, mwanawe wa pekee ambaye ni karani katika ofisi ya bima, na mpishi tunayemwita Mama Jiko. Mama Jiko aliingia nyumba ile kijana huyo akiwa mchanga. Wifi yangu alipofariki, mtoto alikuwa hajaanza hata shule, na ni Mama Jiko aliyemlisha, akamwogesha, akamfunga kamba za viatu. Mpaka leo kijana humwita Mama. Au mpaka tarehe 9 ya mwezi huu.

Mnamo siku hiyo, Jumamosi, Nukta alikula chakula cha mchana peke yake, saa saba. Mezani palikuwa na maharage, mkate na maji ya kunywa. Saa nane akaanza kutoka jasho na mate. Mama Jiko alipiga kelele, jirani mwenye gari akampeleka hospitali, na mwanawe akatokea ofisini akawakuta huko. Saa kumi jioni kaka yangu alifariki. Mimi nilifika amekwisha funikwa shuka.

Daktari alisema ni sumu, ya aina inayouzwa na maduka ya pembejeo kwa ajili ya wadudu. Saa moja jioni polisi walimkamata Mama Jiko kwenye korido ya hospitali. Alikuwa bado ameshika viatu vya Nukta, na walimwambia aviweke chini.

Sababu za kumkamata nilizijua baadaye. Ya kwanza, yeye ndiye aliyepika. Ya pili, hakuyala maharage yale. Kila anayemjua anajua kwamba maharage humpa kiungulia, hajayala miaka nenda miaka rudi. Ya tatu, mtoto wa kaka yangu aliandikisha kwamba baba yake na Mama Jiko walikuwa wakigombana. Ni kweli, waligombana kila siku, juu ya chumvi. Daktari alimkataza Nukta chumvi, naye aliiiba jikoni kama panya. Alikuwa akisema, "Wewe mwanamke utaniua na chakula chako cha wagonjwa." Mama Jiko humjibu, "Kufa basi, nipumzike." Kisha humpakulia. Nyumba nzima tulicheka maneno hayo kwa miaka, na sasa yako kwenye jalada kama ushahidi.

Ya nne ndiyo iliyonileta hapa. Kijana aliandikisha kwamba baba yake, kabla ya kukata roho, alisema maharage yalikuwa machungu.

Tulizika Jumatatu. Nakiri kwamba siku hizo nilikuwa sijui niamini nini. Ndugu walikaa sebuleni wakisema, "Kikulacho ki nguoni mwako," wakitazama upande wa jikoni, na mimi nilinyamaza kama wao.

Jumanne, tarehe 12, nilikwenda hospitali kuchukua miwani ya kaka yangu. Muuguzi aliyekuwa naye zamu ile alinipa miwani, akanipa pole, akasema mzee alimsumbua moyo. Nikamuuliza kwa nini.

Akasema, "Mama, alikuwa anasema neno moja tu. Chungu. Nikamwambia, pole mzee, unasikia uchungu? Akatikisa kichwa kukataa. Nikamwambia, au maharage yalikuwa machungu? Akatikisa tena, akanikunjia uso kama nimemtukana. Akarudia, chungu, chungu. Mwanawe akaniambia niache, baba anaweweseka."

Nilikaa kwenye benchi la wagonjwa. Nilimwona kaka yangu waziwazi, na kalamu yake nyekundu.

Nimemweleza afande, na naomba liandikwe jinsi nilivyolieleza. Maharage yakiwa na ladha mbaya ni machungu. Mkate ni mchungu. Maji ni machungu. Chakula chenyewe, kwa ujumla wake, ni kichungu. Afande ameniuliza, "Na dawa je? Si tunasema dawa chungu?" Swali zuri, lakini muuguzi anasema hakumezeshwa dawa yoyote, aliwekewa dripu tu. Kwenye meza ile hapakuwa na kitu hata kimoja ambacho Nukta angekiita chungu, akakiacha bila upatanisho. Mtu mwingine angeweza. Wengi wetu tunasema ovyo na tunaelewana. Yule hakuweza, hata akifa. Hakuwa akitaja ladha. Alikuwa akitaja chombo.

Jumatano asubuhi niliingia jikoni kwa kaka yangu. Kuna chungu cha udongo ambacho wifi yangu alikuja nacho alipoolewa, na maharage ya nyumba ile hayakuwahi kupikwa kwenye kitu kingine. Kinakaa juu ya rafu, kimekalishwa kwenye kata ya nguo ili kisibingirike. Kata ilikuwepo. Chungu hakikuwepo. Polisi walichukua bakuli alilopakuliwa na sahani aliyolia chakula. Hakuna aliyeuliza maharage yalipikiwa wapi.

Nilimuuliza mtoto wa kaka yangu, mbele ya wajomba zake, chungu cha mama yake kiko wapi. Akajibu, "Kilivunjika, Shangazi. Mama Jiko alikivunja." Nikamuuliza lini. Akasema Jumamosi, baada ya chakula. Jumamosi baada ya chakula Mama Jiko alikuwa akimbeba Nukta kumpeleka kwenye gari la jirani, kisha hospitali, kisha hapa. Nilikunywa chai niliyopewa, na ilikuwa mbaya.

Mchana huohuo, wenzangu walipolala, nilikwenda stoo iliyo nyuma ya nyumba. Mchwa wamekula boriti zake, na boriti zilikuwa zimepakwa dawa karibuni, alama za brashi zinaonekana. Nyuma ya mabati ya zamani nilikuta mfuko wa saruji wenye vigae vya chungu. Nilichukua kimoja, nikaenda nacho kwangu, nikakimwagia maji ya moto na kukifunika kwa dakika kumi. Nilipofunua, nilihitaji pua tu: ni harufu ileile ya boriti za stoo. Maji yale sikuyatia mdomoni, na ni mara ya kwanza katika kazi yangu kukataa kuonja.

Kwa asiyepika naeleza. Sufuria ukiisugua inatakata. Chungu kinakunywa. Mama Jiko alinifundisha hivyo nilipokuwa bado sijui kupika na nikakiosha kile kwa sabuni: tulikula maharage yenye povu wiki nzima, na Nukta akasema yameandikwa kwa lugha ya dobi. Ukikitilia mafuta, kinakunywa mafuta. Ukikitilia sumu, kitaitunza, kisha moto ukiwaka kinaitoa polepole.

Alhamisi, tarehe 14, saa tatu asubuhi, nilimwita kijana stoo. Nilimwonyesha mfuko. Hakukana. Aliketi juu ya ndoo akafunika uso.

Alisema kwamba Alhamisi ya wiki ile, tarehe 7, Mama Jiko alipokwenda kumwona dada yake mgonjwa, yeye aliamua kupaka dawa ya mchwa. Ndoo ilikuwa na nguo zilizolowekwa. Akachukua chungu, akachanganyia humo. "Nilikisuuza, Shangazi. Mara tatu, kwa sabuni. Baba alikiona kimeanikwa uani, akaniuliza chungu kinafanya nini nje. Nikamwambia nimekisafisha. Akafurahi."

Nikamuuliza alijua lini.

"Pale hospitali. Baba aliponitazama akasema chungu."

Basi alijua tangu mwanzo. Alitumwa nyumbani kuleta shuka, akavunja chungu kwanza, akaficha vigae, ndipo akaleta shuka. Baadaye alikaa kwenye kiti hiki nilichokalia mimi, akaongezea neno la baba yake herufi mbili, "ma", likawa la kumfunga mtu.

Akasema, "Ilikuwa bahati mbaya."

Nikamwambia, "Bahati mbaya ilikuwa siku ya mchwa. Ulipofungua mdomo mbele ya polisi haikuwa bahati tena."

"Shangazi, damu nzito kuliko maji. Nina kazi, nina mchumba, maisha yangu ndiyo kwanza yanaanza. Yule ni mzee, hana mtu."

Nikamwambia, "Hana mtu. Alikuwa na wewe."

Alinishika miguu. Nilimlea pia, kwa kiasi changu, kila Jumapili nilimletea vitafunwa vya ofisini. Nilimpenda siku ile na ninampenda leo, na nilitamani kumpiga kwa kigae nilichokishika. Niliondoka na mfuko, nikauleta hapa kituoni, nikamkabidhi afande anayeandika maelezo haya. Ndugu zangu hawasemi nami tangu hapo. Mjomba wa kijana amenitumia ujumbe kwamba nimezika kaka wiki hii na ninataka kuzika mpwa wake wiki ijayo. Nimeambiwa majibu ya mkemia yametoka leo, tarehe 19, na yanasema kama ilivyosema pua yangu.

Liko jambo jingine. Leo kabla ya kuketi hapa niliruhusiwa kumwona Mama Jiko. Nilimletea uji, kwa kuwa amekonda. Nilimuuliza kama alionja maharage yale. Akanishangaa. "Mpishi gani haonji? Nilionja kwenye kiganja. Hayakuwa na uchungu wowote. Usiku ule nilitapika mara mbili humu ndani, wakasema ni woga." Hakuna aliyemwandikia hilo. Ninaomba liandikwe sasa.

Kisha nilimweleza yote: muuguzi, neno, kata isiyo na chungu, vigae. Nilieleza kwa furaha kidogo, nasikitika kusema, kama ninavyoeleza mwisho wa fumbo gazetini. Nilipomtaja kijana, alifunga macho. Hakulia. Aliuliza kama ni kweli alisema mwenyewe kwa polisi kwamba maharage yalikuwa machungu. Nikasema ndiyo.

Uji ukaganda juu bila yeye kuugusa. Halafu akaniambia:

"Nimewapikia nyumba ile maisha yangu yote. Wewe nimekufundisha kushika mwiko. Na siku zote kumi hizi hakuna hata mmoja wenu aliyekuja hapa akasema, yule hawezi. Kumbe kitakachonitoa ni herufi mbili. Na marehemu angekosea kusema, je, Bi Onja? Ningeozea humu?"

Hajawahi kuniita Bi Onja. Jina hilo ni la wasomaji na majirani. Afande amesema maneno hayo si ushahidi wa kesi, nikamwomba ayaandike hata hivyo, kwa sababu katika yote niliyoyasikia tangu kaka yangu afe, ndiyo pekee ambayo hayahitaji kusahihishwa.

Niliyoyaona kwa macho yangu, kuyasikia na kuyanusa nimeyasema, na ninayathibitisha kwa sahihi yangu.

(Sahihi ya shahidi)

MAELEZO YA ASKARI ALIYEANDIKA: Shahidi amesomewa maelezo yote na kuyakubali. Amenionyesha pia kosa katika maelezo ya awali ya mtoto wa marehemu, ambako niliandika "maharage chungu". Nimesahihisha pembeni kwa wino mwekundu kuwa "machungu" na kutia sahihi. Mtoto wa marehemu ameitwa kituoni na yupo. Mpishi ameachiwa saa kumi na moja jioni na kurudishiwa kanga yake na mkufu. Shahidi alimsubiri nje na teksi, mlango ukiwa wazi. Mpishi alipita akaenda kwa miguu.