Barua ya Aliyefungwa

Jumapili, tarehe 10 Machi

Wifi yangu,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini u mzima, mgongo umetulia, na lile duka la misumari na saruji halijakuchosha. Sisi huku wazima. Binti yako amenipita urefu na anakula kama aliyetumwa. Miguu yangu huvimba kidogo kwa kusimama mbele ya tanuri, lakini sijambo, na jana nilikuwa zaidi ya sijambo.

Mbili moja, wifi! MBILI MOJA!

Najua umesikia, hata kama ulizima redio. Miaka mitano sisi Zambarau hatujawafunga ninyi Mistari. Miaka mitano naingia kiwandani Jumatatu nimeinamisha kichwa, na yule mwenzetu anayekanda unga, Mistari wa kufa mtu, ananiuliza nimeamkaje, kwa sauti ya pole. Jana tulikuwa zamu ya mchana, redio juu ya rafu ya hamira. Moja moja mpaka dakika ya themanini na nane. Nimeshapanga trei ndani ya tanuri. Ikapigwa kona, kipa wenu akatoka akadaka hewa, na beki wetu mfupi, yule ambaye marehemu kaka yako alikuwa akimwita Kizibo, akaruka kwa miguu sijui aliyoazima wapi, akautia kichwa.

Wifi, nilitoka mbio mpaka barabarani na aproni na glavu za tanuri. Nilimkumbatia muuza magazeti, mtu ambaye hatujawahi hata kusalimiana. Niliporudi, mikate mia mbili na arobaini ilikuwa makaa. Msimamizi akauliza nani alikuwa kwenye tanuri. Nikamwambia ni mimi, andika jina langu kwa herufi kubwa. Barua ya onyo nimeisaini huku naimba.

Nilipofika nyumbani nilitoa jezi ya marehemu kabatini, nikaivaa, nikakaa kitandani nikalia. Sikufichi. Furaha yote ile ilitaka mtu wa kutambiwa, na nilipowapitia watu wote ninaowajua nikaona hakuna atakayeumia vizuri kama wewe.

Kwa hiyo nadai. Sheria ya baba mkwe unaijua kuliko mimi, maana aliitunga kwa ajili yenu, alipochoka kuwaamua wewe na kaka yako kila baada ya mechi. Aliyefungwa anaandika barua kwa mkono wake mwenyewe, salamu kamili, mabao yote na dakika zake, kisha hongera. Na refa hatajwi. Mmeandikiana hivyo tangu utotoni hadi mna mvi. Sasa Zambarau wa nyumba hii ni mimi. Miaka minne hatujaandikiana na sijui tunasubiri nini. Chukua kalamu.

Wifi yako wa mikate

*

Jumatano, tarehe 27 Machi

Wifi,

Barua yako imefika. Mimi mzima, mgongo ni ule ule, ahsante kwa kuuliza. Msalimie binti, mwambie shangazi yake amefurahi kusikia anakula.

Unanidai barua. Tangu kaka azikwe tumewafunga mara tano na tumetoka sare mbili. Uliniandikia ngapi? Sikukudai hata moja, na sababu unaijua. Kama huijui, nakuandikia leo mara moja tu, halafu tuliache.

Mechi ya mwisho ya uhai wake tuliwapiga tatu bila. Siku ile kabla ya mpira kuanza nilimpigia simu, kama kawaida yetu ya kuchokozana. Nikamwambia, "Kaka, jiandaeni, leo tunawazika." Akacheka kidogo, akasema, "Haya, dada," simu ikakatika. Sijui ni mtandao, sijui aliikata. Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake. Siku ya kumi na mbili nilikuwa nimesimama kando ya kaburi lake.

Siku hizo zote kabla hamjanipigia kwamba hali imekuwa mbaya, nilikuwa napita posta kila nikitoka dukani. Sanduku tupu. Kaka hakuwahi kuikosa barua hata mara moja. Mwaka ule aliovunjika mkono aliandika kwa mkono wa kushoto, nilisoma barua ile kwa wiki nzima. Ndiyo maana siku nilipoondoka kwenu baada ya msiba, begi langu mkononi, nikakuuliza mlangoni: "Kaka hakuacha barua yangu?" Ukasema hapana. Ulisema ukiangalia begi, hukuniangalia mimi. Nikaelewa kwamba aliudhika, kwamba amekufa akiwa amenikasirikia, na wewe unajua.

Tangu hapo sisikilizi mpira. Wakifungua redio dukani naenda uani kupanga mabati. Hayo matokeo yako nimeyajulia kwenye barua yako. Basi usinidai, wifi. Aliyekuwa ananidai na ninayemdai hayupo.

Pole kwa mikate.

Shangazi wa binti yako

*

Jumapili, tarehe 5 Mei

Wifi yangu mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na umekaa. Kama umesimama, tafadhali kaa. Binti hajambo. Mimi afya ninayo, ila usingizi umenihama tangu barua yako.

Kaka yako aliandika.

Aliandika Jumapili, kesho yake ya mechi, mezani kwetu, baada ya chakula. Jumatatu asubuhi alinipa bahasha niipeleke posta nikielekea kazini, kwa kuwa mimi ndiye ninayepita pale. Nikaitia kwenye mfuko wa aproni. Nilikuwa nimechelewa, nikasema nitaipeleka nikitoka. Nikitoka nikasahau. Jumanne nikasahau. Jumatano akaanguka bafuni, na kuanzia hapo sikwenda kazini wala sikukumbuka kwamba kuna kitu duniani kinaitwa posta. Aproni ilibaki imening'inia kiwandani.

Jioni kabla hujaondoka, yule mkanda unga alikuja kunipa pole na akaniletea vitu vyangu kwenye mfuko. Nikatia mkono kwenye aproni nikakuta unga, na ndani ya unga bahasha, na juu ya bahasha jina lako kwa mwandiko wake. Kwa hiyo uliponiuliza mlangoni, nilikuwa nayo. Nilisema hapana huku nimeificha chini ya godoro.

Nataka nikueleze, siyo nijitetee. Mume wangu hakuwa mtu wa kuandika. Aliandika kwako tu, na hata kwako ni mpaka afungwe. Miaka kumi na minne tumeishi chumba kimoja, aniandikie mimi nini? Akinitaka ananiita tu kutoka uani. Baada ya kumzika nilitafuta nyumba nzima karatasi yenye mwandiko wake, hata orodha ya sokoni, sikupata. Wewe nilijua una sanduku zima. Nikaona dada mtu ana barua za miaka na miaka, mimi mke sina hata neno moja, na hii moja Mungu ameniletea ndani ya unga. Kusahau kwa siku zile nisamehe ukipenda. Lakini hii miaka minne sikusahau, niliiba.

Sijaifungua. Naapa kwa kichwa cha binti. Ninachokijua ni cha juu tu, jina lako na sanduku lako la posta, na jinsi anavyokata herufi T kama anafunga mlango. Siku za mechi naitoa kwenye kopo ninamoiweka, naiangalia, nairudisha.

Habari ya ile simu sikuijua, wifi. Natamani kusema kwamba ningeijua ningekupa bahasha palepale. Sijui. Siku zile sikuwa mtu. Lakini kwamba umebeba jambo hilo miaka yote hii kwa sababu yangu, hapo kosa ni langu. Sijui hata yeye ameandika nini humo. Huenda alikasirika kweli, huenda hakukasirika. Vyovyote ilivyo, ni yako.

Nimekwenda posta mara tatu. Mara mbili nilifika dirishani, nikanunua stempu, nikarudi nayo nyumbani. Leo nimeitia ndani ya bahasha hii kubwa na nimemwomba binti aishike mpaka tufike posta kesho, asinirudishie hata nikimwambia.

Unga uliobaki kwenye kona ya bahasha sikuupangusa. Niliogopa kufuta jina.

Wifi yako, kama bado

*

Alhamisi, tarehe 30 Mei

Wifi,

Salamu. Hatujambo. Sikuulizi umeonaje wala sikuombi unijibu kwa marefu. Niambie tu kama imefika. Posta wanasema barua ikipotea hawana la kufanya, na mimi siwezi kulala nikifikiri iko kwenye gunia mahali.

Andika "imefika" kwenye kipande cha karatasi, inatosha.

Wifi yako

*

Jumatano, tarehe 12 Juni

Wifi yangu,

Imefika. Ilifika tarehe 14 Mei, na samahani kwa kukuweka roho juu. Wewe ulikaa nayo miaka minne hukuifungua, mimi nilikaa nayo karibu wiki nne. Kila siku nilikwenda nayo dukani na kurudi nayo. Niliogopa kama mtoto.

Kwanza nilikuwa na hasira na wewe, nisikudanganye. Siku ya kwanza nilipima misumari ya watu vibaya mpaka tajiri akanituma nyumbani. Ulinidanganya mlangoni kwako, na mimi nikabeba maneno yale kila nilipolala. Hasira hiyo bado ipo kidogo. Nakutajia ili ujue sijajifanya malaika.

Halafu juzi nikaifungua. Ngoja nikuandikie alivyosema, neno kwa neno:

"Dada yangu mpendwa, salamu, mimi mzima, ila tangu jana mwili hauna nguvu, nadhani ni mabao. Ulisema mtatuzika, na kweli mmetuzika. Nimecheka mpaka sasa, kwa sababu ulipokata simu nilijisemea huyu leo kasema kweli, nikanunue sanda ya zambarau. Bao la kwanza dakika ya kumi na moja, la pili thelathini na nne, la tatu sitaki kulizungumza, lakini sheria ni sheria, dakika ya tisini. Refa simtaji, ingawa mke wangu anamtaja tangu jana bila kupumzika. Amenuna, amekataa kukusalimia. Lakini usimwonee, mimi nilitaka kuiacha barua hii mpaka wikendi, yeye ndiye aliyeniwekea kalamu na karatasi mezani akasema, andika sasa hivi, mwenzio anasubiri. Hongera, dada. Mwakani tutakuzikeni sisi. Kaka yako aliyefungwa."

Umeona, wifi? Alicheka. Nilikaa sakafuni katikati ya ndoo za rangi nikalia kwa sauti, wateja wakanipisha. Na wewe, uliyenificha barua, ndiye uliyemkalisha aiandike. Nilitafuta namna ya kuendelea kukukasirikia baada ya hapo, sikuipata.

Sasa sikiliza. Maneno yake nimeyanakili kwenye daftari langu, yote, mpaka nukta. Mimi nilikuwa nahitaji maneno. Mwandiko ninao sanduku zima, kama ulivyosema. Kwa hiyo karatasi yenyewe nakurudishia, iko humu pamoja na bahasha yake na unga wake. Ni yako. Soma sehemu anayosema umenuna.

Na ile ya kwangu unayonidai, nimechelewa miezi mitatu, lakini hii hapa. Nilimwomba kijana anayechanganya rangi dukani anionyeshe mabao kwenye simu yake, nikayatazama yote. Natumaini u mzima, binti mzima, miguu imepungua uvimbe. Bao la Mistari, dakika ya ishirini, penalti. Bao la Zambarau, dakika ya hamsini na mbili, shuti la mbali, kipa wetu hakuliona. Bao la pili la Zambarau, dakika ya themanini na nane, Kizibo, kwa kichwa. Nimeirudia mara nne ile kona, na kuna mtu wenu kamshika kipa wetu jezi wazi kabisa, lakini refa hatajwi.

Hongera, wifi. Mwezi wa Oktoba tunarudiana, na safari hii nitaisikiliza.

Wifi yako uliyemfunga