Baba wa Nasieku Hataki Bastola Zangu

Mpendwa Mshauri,

Baada ya salamu naomba msaada wako upesi, maana moyo wangu unaruka na sijui niuambie nini. Mimi ni Lekishon, mhunzi wa hapa Arusha, na wazimu wangu ni mmoja tu, bastola kuukuu za maofisa wa Kidachi, Wajerumani wa hapa bomani, zile za silinda inayozunguka ambazo sasa wanazitupa kwa kuwa wamepata mpya, nami nimekusanya tatu, nimezing'oa kutu, nimezichongea mipini ya mzeituni wa mlimani, na mchumba wangu Nasieku amezishonea mikoba ya ngozi yenye shanga, ukiziona utapiga kelele! Basi juzi baba yake, mzee Simel, alikuja kuzungumzia mahari, nami kwa furaha nikaitoa iliyo nzuri kuliko zote nikavuta nyundo yake ya kufyatulia, ta!, asikie ilivyo laini, mzee akasimama, maziwa hajayagusa, akasema, "Mdomo wa bastola kama huo ndio uliomla ndugu yangu. Chagua, hicho chuma au binti yangu," akaondoka, wala hajui kwamba shanga ni kazi ya binti yake, na Nasieku ananiambia, "Usitupe hata moja, tutorokee Tengeru," nami nampenda, na bastola nazipenda, nifanye nini?

Lekishon, Arusha, 1911

Lekishon,

Nilicheka, kisha nikakukasirikia. Kazi yenu ni nzuri, na raha yenu naielewa. Lakini umemvutia nyundo mtu aliyefiwa, na hata pole hukumpa!

Kutoroka sahau. Chukua tupa yako ya chuma ukate ncha za nyundo zote, yeyusha madini ya risasi uzibe mitutu, kisha uzipeleke bomani mwenyewe uombe ruhusa ya kukaa nazo kabla askari hawajakufuata. Ukishapata, nenda kwa mzee bila chuma chochote. Mpe shikamoo, mpe pole, kaa umsikilize mpaka amalize. Usijitetee. Habari ya shanga aiseme Nasieku mwenyewe. Na mzee akikataa bado, zitie zote motoni mbele yake, uoe.

Mshauri,

Nimefanya yote, na bomani wamekubali! Mzee alisimulia habari za ndugu yake mchana kutwa, nami nikamsikiliza. Nasieku alipokiri kuwa shanga ni kazi yake, baba yake akamwambia, "Kailete hiyo bastola." Akaishika mkononi, akaipima uzito, akasema taratibu, "Kumbe ni nyepesi hivi." Akalia, nasi tukalia naye. Kisha akaniuliza, "Ng'ombe unaleta lini?"

Lekishon