La-la-la ya Soko la Mangobo

Béa wangu,

Jana nilitoa ile exposé yetu, yale maelezo ya mbele ya darasa, pale fakilte ya chuo, peke yangu. Sehemu yangu ilikuwa nguvu za modeli ya kumbukumbu ya kazi, ile inayoshika jambo kwa muda mfupi wakati tunalitumia. Udhaifu wake ulikuwa sehemu yako. Malaria haikukupa nafasi ya kuusema.

Kuhusu nguvu, niliwaeleza jaribio letu la Mangobo. Ulinitajia vya kununua, makayabu yale ya samaki wa chumvi, majani ya pondu, ndimu na pilipili, ukaniamuru niseme "la-la-la" bila kupumzika mpaka sokoni. Watu walidhani nimerukwa na akili! Nilirudi bila makayabu, mama yako akanuna. Lakini njia sikuikosea hata kona moja. Ndivyo modeli inavyosema: maneno yana chumba chao, picha zina chao, na mdomo ukishughulika maneno yanakosa pa kukaa.

Kwenye matanga yako niliimba na wamama wa kwaya bila kunyamaza, kwa sababu hiyo hiyo. Nilitaka lile neno "amekufa" likose pa kukaa. Likakosa kweli. Uso wako ulibaki, Béa. Wimbo hauuzuii uso.

Profesa akauliza udhaifu. Nikatumia maneno yako: "Ule chef wa mu kichwa, bon, iko na kiti tu, kazi hapana." Darasa likacheka. Nikaeleza kwamba modeli inamtaja mkubwa anayegawa umakini, lakini haisemi anaugawa vipi. Na huzuni walioitunga hawakuipa chumba, wakati mimi ninayo kila mahali. Hapo nikalia mbele ya watu wote, wala sikuona haya.

Kuna udhaifu mmoja sikuwaambia. Modeli inasema sauti hufifia upesi usipoirudia. Basi tangu tukuzike nayarudia maneno yako, nikiwa nimepakiwa kwenye toleka, baiskeli ya abiria, nikiosha sahani: "Weye, kaza roho, tutafika." Maneno yote ninayo. Leo asubuhi nimeyasema tena, nikasikiliza vizuri. Ni sauti yangu. Yako imekwenda, na sijui imekwenda lini.

Jumapili nitampelekea mama yako makayabu. Unakumbuka watu walivyokuwa wakichanganya sauti zenu mkiitika hodi mlangoni, wewe na yeye? Nitapiga hodi, nisubiri aitike.

Lala salama, rafiki yangu. Akianza kusema, naahidi nitanyamaza.

Solange