Blouse ku Kiti ya Gynécologue

Hôpital, 9 février 2025

Yaya Rigobert, kaka yangu mukubwa,

Nakusalimia sana. Madame na batoto banaamuka muzuri? Mama yetu kule Katuba, presha imeshuka? Miye niko muzima, kuchoka tu.

Yaya, sikia. Weye njo gynécologue, docteur wa bamama, serikali walituma huku. Ulifika siku moja kusainia, ukaacha blouse yako nyeupe ya docteur mu armoire, kabati ya bureau, ukarudi Lubumbashi. Miye niko médecin généraliste, nilimaliza masomo juzi tu, na bamama bote ba mimba banakuja kwangu peke. Kupasua na kutosha mutoto mu tumbo, najua. Lakini damu ikikataa kusimama, kufunga ile mishipa ya ndani niliona tu mu kitabu. Kuya huku hata semaine moja, siku saba tu, unifundishe na mikono yako.

Mudogo wako,
Plamedie

Lubumbashi, 2 mars 2025

Mudogo,

Jambo sana. Tuko bazima bote, Mama anauliza bwana utaleta siku gani.

Clinique ya mutajiri yenye natumika huku Ruashi siwezi kuacha, patron atanifukuza. Mushahara ya serikali unaijua. Usiogope: damu ikitoka sana, unipigie, infirmière mwenye anakusaidia ashike téléphone, nitakuongoza.

Yaya wako,
Rigobert

Hôpital, 18 mai 2025

Yaya,

Ba kwako bako aje? Miye siko muzuri.

Chileshe, mwalimu wa primaire, mimba ya kwanza, alikufa jana pa table yangu ya kupasulia. Mutoto nilitosha muzima, kisha damu ikakataa. Infirmière Olive alishika téléphone pa sikio yangu, ya kwako ikaita mpaka ikakatika, tukarudilia. Nilifunga mishipa penye nilizania ni penyewe. Nilienda kuambia bwana yake na gants za kupasulia bado ku mikono.

Ulikuwa wapi?

Mudogo wako,
Plamedie

Lubumbashi, 1 juin 2025

Mudogo mupenzi,

Pole sana. Unalala? Unakula? Siku ile nilikuwa napasua client ku clinique. Hata bagynécologue bakubwa banapotezaka mama wa mimba, jikaze.

Kitu moja. Mission ya ministère, bakaguzi ba serikali, inafika kwenu jeudi ya juma hii, kuangalia nani iko ku kazi. Tundika blouse yangu ku kiti ya bureau, useme docteur ametoka saa hii tu. Bote banafanyaka vile. Mama asisikie.

Yaya wako,
Rigobert

Hôpital, 8 juin 2025

Yaya,

Salamu kwa madame na batoto. Afya yako sitauliza.

Client. Njo vile uliandika. Chileshe alikuwa nani basi?

Blouse yako sikugusa. Niliambia mission: docteur iko Ruashi, hapa hatumujue. Chef wao akacheka. Akafungua armoire mwenyewe, akatundika blouse ku kiti, akaandika «présent», njo kusema uko ku kazi. Anasema poste yenye muntu haitumiwe muntu mwingine, na formation, mafundisho ya kupasua, hawatoe penye gynécologue iko. Wakakula kuku yetu, wakaenda.

Mama yetu nilishamwambia yote. Akakata téléphone.

Olive ananiita. Mama mwenye mimba ya mapasa amefika, damu imeanza. Sitakupigia.

Mudogo wako,
Plamedie