Barabara Isiyo Kwenye Picha

3 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini maumivu ya miguu yamepoa. Mimi sijambo, ila baridi ya ugenini haina huruma.

Nimepata kazi ya kuendesha treni ya mjini. Ni ya umeme, haina moshi wala kelele. Abiria husinzia nami najiona kama naelea. Ndani wamebandika picha ya msitu wenye ukungu, na maneno: "Kila safari yako inalinda msitu huu." Mama, ule ni mlima wetu, na nundu yake ile ile. Kila siku napita nyumbani bila kushuka.

Ila sioni barabara ya msituni. Wameifuta?

Kitinda na tumbo lake hawajambo? Mwambie mdogo wangu huyo nataka mpwa mwenye masikio madogo, yetu yanatosha.

Mwanao

26 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Kitinda amesoma barua yako kwa sauti mpaka majirani wanajua tuna mlima ughaibuni.

Barabara imefungwa kweli. Kampuni ya treni zenu inalipa ili msitu usiguswe, na basi letu limekatazwa kupita kwa sababu ya moshi. Basi lenyewe moja, tena la kusukuma. Sasa linazunguka mlima; ukitoka asubuhi unafika hospitali jioni. Tuliomba tupewe la umeme kama lako. Wakacheka kwa adabu.

Kitinda ameota treni yako ikipita kati ya miti, taa zote zinawaka, nawe unamwambia, "Panda, mdogo wangu." Yeye amefurahi. Mimi naogopa.

Mama yako

10 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nimemweleza bosi. Amesema abiria wanaipenda sana picha ile. Tafadhali mhamishe Kitinda mapema, akae karibu na hospitali.

Mwanao

2 Mei

Mwanangu,

Barua yako imefika tumeshazika.

Uchungu ulimshika kabla ya siku zake. Mlinzi wa kizuizi cha barabara ya msituni alilia nasi, lakini funguo wanazo wakubwa mjini. Tukazunguka. Mtoto alizaliwa njiani, hakulia. Kitinda amepona mwili, ila haongei. Ameuliza jambo moja tu, kama treni yako bado inapita pale.

Mama yako

19 Mei

Mama, na Kitinda wangu,

Shikamoo, Mama. Poleni. Nimelia kazini, sikuona haya.

Kitinda, bado inapita. Jana kwenye kituo cha mwisho, abiria waliposhuka, nilipanda juu ya kiti na kalamu nene, nikairudisha barabara chini ya nundu. Nikachora basi letu na moshi wake wote. Dirishani nimekuchora wewe umempakata mtoto. Masikio nimempa makubwa, kama yetu.

Bosi ameniita, naenda sasa hivi. Lakini asubuhi bibi mmoja aliitazama picha safari nzima, kisha akaniuliza barabara ile inakwenda wapi.

Nikamwambia, inakwenda hospitali.

Mjomba wake