Mmea wa Tano Dirishani

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu, na pole na kazi za huko. Nikisikia u mzima, moyo wangu utatulia. Sisi tu wazima, ila magoti ya Mama yanamsumbua, na macho yake yanazidi kufifia.

Mimi bado niko kwenye kitalu cha mimea ya jangwani. Tajiri wetu tumembandika jina la Bwana Kokoto, maana umuulize lolote atakujibu ongeza kokoto, maji yapite. Amenifundisha kuchomeka kidole udongoni kabla ya kumwagilia. Anasema wateja huiua mimea hii kwa maji, si kwa kiu.

Ule mmea wako wa majani manene uliouacha dirishani, ukamwomba Mama autunze hadi utakaporudi, ni mwaka wa tatu sasa. Nilimweleza kwamba maji mara moja kwa mwezi yanatosha. Akaniuliza kama wewe nawe huko unakunywa mara moja kwa mwezi. Kila asubuhi huumwagilia kikombe kizima, akiusimulia habari za nyumbani kama vile anazungumza nawe.

Dada, kuna jambo nimekuficha. Mmea wako ulioza mizizi mwaka ule ule ulioondoka. Mama alipokwenda kliniki nilileta mwingine wa aina ile, nikaupanda kwenye chungu chako. Nao ukaoza. Huu wa sasa ni wa tano. Barua zako zilikuwa zimekatika, nikaogopa kwamba akiuona umekufa atakata tamaa kabisa.

Jumapili alinifuma nikianza kuung'oa ili nipande wa sita. Akapapasa majani, akasema alijua tangu nilipobadilisha mara ya kwanza. Wako ulikuwa na jani lisilo na ncha, alilivunja mwenyewe akifuta vumbi. Nikamuuliza kwa nini basi aliendelea kumwagilia. Akasema aliogopa kwamba akiacha, mimi ndiye nitakayekata tamaa. Tulilia, Dada, mikono imejaa udongo.

Sikulaumu. Tuandikie, hata mstari mmoja, hata kama ni kusema hurudi. Mama alinikataza nisikwambie haya, eti utakosa raha. Nimemkaidi.

Angejua ninakuandikia angekusalimu sana. Yuko hapa kando yangu, anadhani namwandikia mteja.

Ni mimi,
Kitindamimba wenu